Jambia la Kufungulia Cheri

Hapa kwetu Gräfrath, mtaa wa juu wa mji wa Solingen, ukimtafuta Ewald Stöcker usisumbuke na jina la ukoo. Uliza kwa Bwana Bandia, na hata mtoto anayetoka shule atakuonyesha mlango. Hakupewa jina hilo kwa chuki. Alilihangaikia mwenyewe miaka na miaka, kwa bidii na kwa ulimi. Nikisema ulimi sina maana ya maneno peke yake. Ewald alikuwa anaramba vitu.

Nimeishi nyumba ya pili kutoka kwao tangu nilipoolewa, na mkewe Gerlinde tumesimama bega kwa bega kwenye kwaya mpaka najua anapovutia pumzi. Kwa hiyo haya siyasimulii kwa kusikia. Mengi nilikuwepo, na yaliyobaki Gerlinde aliniletea yakiwa bado ya moto.

Ewald alikuwa dereva wa basi la umeme, yale yanayovuta nguvu kutoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Alikuwa mpole, mnene wa wastani, na masharubu ya kahawia aliyoyachana asubuhi na jioni kwa sababu kichwani hakukuwa tena na cha kuchana. Abiria walimpenda. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikusanya majambia ya maofisa wa Kijerumani wa wakati wa vita, yale mafupi ya kuning'iniza kiunoni siku za gwaride, ambayo sidhani kama yalimkata mtu yeyote zaidi ya mikate.

Ugonjwa huu ulimwingia utotoni. Vita vilipofikia mwisho na Wamarekani wakawa wanakaribia, wanajeshi wetu walivua kila kitu. Magwanda, kofia, nishani na majambia, vyote vilitupwa mtoni Wupper, vichakani na kwenye mashimo ya mbolea. Mji wetu umeishi kwa kufua visu tangu enzi za mababu, na mengi ya majambia hayo yalizaliwa hapa hapa. Basi yalirudi kwao, tena kwa aibu. Ewald, aliyekuwa na umri wa miaka saba, aliokota moja nyuma ya kanisa, akalificha chini ya godoro. Mama yake akaliona siku anageuza magodoro, akalichukua kwa ncha za vidole kama anayebeba panya, akaenda nalo moja kwa moja hadi choo cha uani.

"Alinikuta jioni nimelala kifudifudi kwenye kile choo," Ewald alipenda kutuhadithia. "Nimefunga ndoano kwenye kamba ya kuanikia nguo, navua."

"Ulipata nini?" mgeni angeuliza.

"Nilipata kipigo."

Alipokuwa mtu mzima mwenye mshahara na mke, akaenda mnadani huko Ubelgiji akanunua jambia lake la kwanza la haki. Alitumia fedha ya likizo. Gerlinde alikuwa ameshanunua nguo ya kuogelea. Mwaka ule badala ya kwenda ziwani walikwenda kwa shangazi yake Remscheid, ambako hakuna ziwa, wala shangazi mwenyewe hakuwa na beseni la kuogea. Lakini Ewald alikuwa na furaha isiyo na kifani. Muuzaji alimwambia jambia lile lilikuwa la kamanda, na Ewald akaliweka kwenye kabati la kando ya kitanda.

Furaha ile iliuawa na shemeji yake Friedhelm, kaka wa Gerlinde. Friedhelm alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kicheko kama msumeno. Alifanya kazi kwenye karakana ya kung'arisha visu, na Jumamosi alijifungia bandani kwake akitengeneza vitu vya watu wa maigizo: panga za wafalme, mashoka ya mashetani.

"Shemeji, hebu lione hili," Ewald akamwambia siku hiyo, na kulitoa kwenye kitambaa.

Friedhelm alilipokea, akaligeuza, akavaa miwani, akavua. "Zuri," akasema. "Hapa chini ya mpini kuna mkwaruzo. Umeuona?"

"Nimeuona. Hiyo ni alama ya vitani."

"Hiyo ni alama ya tupa yangu. Iliniponyoka. Hili nililitengenezea watu wa tamthilia kule Wuppertal, mwaka juzi. Yule mwigizaji alikuwa anajichoma nalo kila Ijumaa." Akalirudisha kwenye kitambaa. "Alikuwa anakufa vizuri sana."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile Ewald hakukubali tena kudanganywa na chuma chochote. Alisoma, akauliza, akazunguka minada, na akajifundisha vipimo vyake. Kwanza alipima uzito kwa mizani ya posta. Pili alifunga mapazia na kuwasha taa ya zambarau, kwa sababu nyuzi za vishada na plastiki za kisasa zinang'aa chini ya taa hiyo na za zamani hazing'ai. Tatu aliramba. Alisema nikeli ya zamani ina ladha ya baridi na ya kisasa ina ladha ya sabuni, na kwamba jicho linahongeka lakini ulimi hauhongeki. Gerlinde alikataa kubusiwa mpaka asukutue. Kipimo cha nne kilikuwa cha sindano ya moto, nacho ndicho kilichomletea makubwa.

Majambia yalikaa chumba cha nyuma, yamepangwa kwenye kabati la vioo. Kwenye kila moja kulikuwa na tai wa chuma, na tai kashika swastika kwenye makucha. Gerlinde aliweka sharti siku ya kwanza.

"Baba yangu hakurudi kutoka Urusi kwa sababu ya hao wenye msalaba wao," alisema. "Ukitaka vyuma vyako vikae nyumbani mwangu, huo ufunike. Sitaki kuuona nikipita na kikapu cha nguo."

Ewald hakubisha. Na kwa kuwa hakupenda kupoteza kitu, alifunikia vile vibandiko vidogo vinavyobandikwa kwenye ndizi dukani. Kwa hiyo ukiingia chumba kile ulikuta safu ya tai wakali wenye mbawa zilizokunjuliwa, kila mmoja ameshikilia tangazo la ndizi za Ekwado.

Kulikuwa na chama mjini, Chama cha Wapenzi wa Chuma cha Kale, kilichokutana chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa Daktari Volkmar Lütters, daktari wa mifugo, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walimfanya Ewald kuwa mkaguzi wao. Mtu akileta jambia, Ewald alilipima, aliliangaza, aliliramba, kisha akaangalia dari, na kusema neno moja: "Bandia." Kwa kweli vitu vingi vilikuwa bandia, na hivyo alikuwa anapatia. Lakini hatukumsikia hata siku moja akisema vinginevyo. Lililokuwa la kweli alisema anahitaji muda. Wengine bado wanausubiri.

Ubaya ni kwamba tabia ile haikubaki kwenye majambia. Ilivuka ikaingia sokoni. Aliionja asali ya mfugaji nyuki wa Witzhelden, akaangalia dari, akasema bandia, na yule mfugaji akamfukuza kwa ufagio. Alikuja kwangu kuazima ngazi, akaliona zulia langu la Uajemi nililorithi kwa mama mkwe. Akapiga magoti. Nikadhani ameanguka. Aliinua pindo, akalinusa, na kabla sijasema neno akaliramba.

"Jirani," akaniambia, akifuta ulimi kwa leso, "hili halijawahi kuiona Uajemi. Hili limesafiri kwa treni dakika chache tu."

Tangu hapo nalikanyaga na viatu.

Basi ikafika sikukuu ya kuzaliwa ya mama yake Gerlinde, Bibi Adele, alipotimiza miaka themanini. Bibi Adele alikuwa mdogo wa umbo, mkubwa wa amri. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya kuezekwa kwa mawe meusi kule bondeni, na hakuruhusu mwanamume yeyote kuingia jikoni kwake. Ewald aliwahi kujaribu mwaka wa uchumba, akavunja bakuli la supu, na hukumu ikabaki pale pale.

Meza ilitandikwa sebuleni kama inavyotakiwa. Birika kubwa la kahawa lenye bomba lilisimama katikati, na kulikuwa na mkate mweusi, jibini laini, shira ya tufaha, keki za kuoka kwenye chuma, wali wa maziwa kwenye bakuli pana umenyunyizwa sukari na mdalasini, na keki ya mishumaa. Tulikuwepo familia, mimi, na Bi Hannelore Dickhaut, mwimbaji wa sauti ya juu kwenye kwaya yetu, mwanamke wa maringo na meno mazuri.

Kilichokosekana kilikuwa cheri za kumwagia kwenye keki. Zilikuwa kwenye chupa ya kioo, za kusindikwa nyumbani, na kifuniko kilikuwa kimegoma. Kwa kawaida chupa hufunguliwa jikoni. Lakini siku hiyo Friedhelm aliinyakua.

"Lete hapa. Mikono hii imeng'arisha visu miaka arobaini."

Akakaza. Akabadilika rangi, akawa mwekundu, kisha wa zambarau. Kifuniko hakikusogea.

"Miaka arobaini," Ewald akasema taratibu.

"Imelowa mvuke, shemeji. Inateleza."

"Weka chini kabla hujajiumiza," Bibi Adele akasema. Akainuka, akaenda jikoni, tukasikia droo inafunguliwa. Akarudi na kitu mkononi, akakichomeka chini ya kifuniko, akakipinda. Kifuniko kikalia puu, na cheri zikawa wazi.

Ewald alikuwa ameinua kikombe. Kilibaki hapo hapo hewani.

Kile kitu kilikuwa na mpini wa rangi ya siagi iliyochacha, uliosokotwa kama pembe. Kilikuwa na ubapa mwembamba wenye makali pande zote mbili, na mahali pa kukinga vidole palizungushiwa plasta ya kufungia vidonda, tabaka juu ya tabaka. Pembeni mwa plasta zilichungulia ncha mbili za mbawa.

"Mama," Ewald akasema, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto. "Hicho umekipata wapi?"

"Kifungulio changu?"

"Tangu lini unacho?"

"Tangu Wamarekani." Bibi Adele akaketi, akaanza kugawa cheri. "Kabla hawajafika, jeshi letu lilituletea ofisa wa kulala chumba cha juu. Mtu mwembamba, anakohoa, anakula viazi vyangu. Asubuhi moja napanda, hayupo. Kitandani kumelala gwanda lake na hicho. Na kabatini suruali ya marehemu Otto haipo. Ile ya sufu. Ya kanisani."

"Akaondoka na suruali ya baba?" Gerlinde akauliza. Nadhani hata yeye hakuwahi kusikia.

"Na sweta. Lakini sweta lilikuwa limetoboka, halikuniuma. Suruali ile nilikuwa nimeishonea mfuko mpya wiki ile ile." Alitikisa kijiko. "Gwanda nilichoma. Chuma ni chuma, nikakiweka. Lile dege lilikuwa linanikwaruza mkono, nikalifunga plasta."

Sote tulikuwa tunamtazama Ewald. Friedhelm alikuwa ameegemea kiti, tabasamu limeanza kumtambaa.

"Haya, shemeji," akasema. "Sema neno lako."

Sina uhakika kama Ewald alitaka kusema. Nadhani mdomo ulizoea. Aliangalia dari.

"Bandia," akasema.

Bibi Adele aliweka kijiko mezani. "Umesemaje?"

"Sisemi wewe, mama. Nasema hicho kisu."

"Hicho kisu nimekielezea mimi. Kikiwa cha uongo, mwongo ni nani? Tuambie, watu wapo, sikia watakavyocheka. Mwongo ni nani, siku yangu ya kuzaliwa, kwenye meza yangu, na wali wangu mdomoni?"

"Mama, watu wanauziwa..."

"Niliuziwa? Niliibiwa suruali. Kipime."

"Sasa hivi?"

"Unatembea na hilo begi lako kama mkunga. Kipime hapa, mbele ya wageni, kisha uniambie tena."

Ni kweli, begi lilikuwa chini ya kiti. Ewald alilifungua. Alikiweka kisu kwenye mizani, akaandama mshale kwa macho, akakunja uso. Gerlinde alivuta mapazia, akawasha mishumaa ya keki ili tusigongane, na Ewald akawasha taa ya zambarau.

Hapo ikatokea aibu ambayo haikumhusu yeye. Ile taa humulika kila kitu. Shati la Friedhelm liling'aa kama theluji, na sisi sote tuliokuwa tumefungua midomo kwa kushangaa, meno yetu yaling'aa vile vile. Ila ya Bi Hannelore. Mdomoni kwake safu nzima ya mbele ilikuwa nyeusi tii, kama piano iliyokatwa vipande. Alikuwa amesimulia kwenye kwaya jinsi anavyosugua kwa magadi kila usiku.

Ewald alimtazama bila ubaya wowote, kwa jicho la kazi tu. "Hayo ni ban..."

"Ewald," mkewe akasema.

Bi Hannelore akafunga mdomo na hakuufungua tena mpaka mapazia yalipofunguliwa, kitu ambacho kwaya haikuwahi kukiona.

Kisu hakikung'aa. Ewald akakiramba, mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu, amefumba macho.

"Ladha gani?" Friedhelm akauliza.

"Cheri," akasema. Akakifuta, akaramba upande wa pili. Uso wake ukabadilika. "Baridi," akanong'ona.

Kilibaki kipimo cha sindano. Mipini mizuri ya zamani ilivalishwa seluloidi, ile plastiki ya kale iliyotengenezewa pia mipira ya tenisi ya mezani. Ukiichoma kwa sindano ya moto inatoa harufu ya kafuri, na plastiki ya leo hunuka ndoo iliyoungua. Kwa kawaida Ewald aligusa kidogo tu, mahali pasipoonekana, mbali na moto, na kitambaa chenye maji kando. Yote hayo aliyafundisha chamani. Lakini siku hiyo hakuwa mwalimu. Alikuwa mtoto aliyelala kifudifudi. Aliipasha sindano kwenye mshumaa wa keki mpaka ikawa nyekundu, na pale pale, juu ya mishumaa yote iliyobaki, akaichomeka kwenye mpini na kuinama kunusa.

"Kafuri," akasema. Machozi yalimlenga. "Gerlinde, njoo unuse. Kafuri tupu."

Kisha mpini ukawaka.

Seluloidi haiwaki kama kuni. Haianzi, wala haiombi ruhusa. Ilifanya fuu, na mwali mweupe ukapanda hadi kwenye taa ya dari, ukachukua masharubu ya Ewald njiani, kushoto yote na kulia nusu. Aliruka nyuma lakini hakukiachia kisu. Alikishika kwenye ubapa kwa kitambaa cha meza, na kitambaa kikaja nacho, na vikombe vikaja na kitambaa. Mwishowe akakitumbukiza kwenye bakuli la wali wa maziwa. Ukasikika mchemko, na harufu ya kafuri, mdalasini na nywele ikajaa nyumba.

Ewald alichomoa kile kisu kwenye wali. Kilikuwa chuma kitupu, na badala ya mpini kijiti cheusi cha mbao kinachofuka moshi.

"Halisi," akasema. "Mama, ni halisi kabisa."

Miaka ishirini na zaidi tulikuwa hatujalisikia neno hilo kinywani mwake. Gerlinde alilia. Alisema ni moshi. Friedhelm alianza kucheka ule msumeno wake, akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni, na bado alikuwa anacheka wakati anapigwa.

Bibi Adele alimtazama mkwewe, akatazama bakuli. "Haya," akasema. "Nami chupa zangu nitafungulia nini?"

Hilo ndilo swali lililomnyima Ewald usingizi wiki ile. Friedhelm alijitolea kuweka mpini mpya, na Ewald akakataa katakata. Alikuja kwangu kunieleza, amenyoa masharubu yote, na mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kama wa mtu mwingine.

"Jirani, fikiria. Jambia la kweli ambalo najua lilikotoka nimelipata mara moja maishani. Nikalichoma. Sasa Friedhelm aweke mpini wake pale, na litakuwa nini? Nusu?"

"Litakuwa kifungulio cha cheri," nikamwambia. "Mama mkwe wako hakuomba kingine."

Aliomba kahawa nyingine. Kisha akavaa kofia, akaenda.

Gerlinde alinisimulia yaliyofuata. Ewald hakuwa ameingia banda la Friedhelm tangu lile jambia la mwigizaji. Alisimama mlangoni amekishika kisu ndani ya gazeti. Friedhelm hakumcheka. Alisafisha kiti, akamtengea mkate wa soseji na kitunguu, akamwonyesha vipande vya mbao: mpea, mjozi, mplamu.

"Chagua wewe. Mimi nitasema mpea."

"Mplamu," Ewald akasema.

"Mplamu unapasuka."

"Basi kwa nini umenionyesha?"

"Nilitaka kuona kama unajua."

Waligombana hivyo mpaka jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Mpini ulitoka wa mpea, mnene, wa duara, kulingana na mkono wa Bibi Adele ambao ulikuwa umeanza kukakamaa kwa baridi yabisi. Ewald ndiye aliyeupaka mafuta. Friedhelm alipotaka kugonga alama yake chini, Ewald alimzuia, kisha akasema gonga, kisha akasema ngoja, kisha akatoka nje wakati inagongwa.

Bibi Adele alikijaribu kisu kwenye chupa ya maharagwe. "Huu hauchomi mkono," akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Habari ikafika chamani. Daktari Lütters alitangaza kwa ile sauti yake kwamba mkaguzi amesema neno ambalo halijawahi kuandikwa kwenye kumbukumbu za chama, na kwamba ni lazima kitu hicho kikaguliwe na wanachama wote. Bibi Adele akawaambia waje Alhamisi na wafute miguu. Walikuja wazee tisa na kofia zao mikononi. Aliwapanga barazani. Kila mmoja aliruhusiwa kukishika kisu kwa sharti la kufungua chupa moja, na kwa kuwa alikuwa anataka kusafisha ghala lake, chupa zilikuwa nyingi. Waliokwisha kufungua walipewa viazi wamenye.

"Mpini huu ni mpya, mama," mmoja alithubutu kusema.

"Na wewe una nyonga mpya, nasikia. Menya."

Walirudi Alhamisi iliyofuata bila kualikwa. Daktari Lütters alisema mgahawani bia ni ghali. Kabla ya Krismasi chama kilikuwa kimehamia jikoni kwa Bibi Adele, wanaume kumi kwenye chumba ambacho hakuruhusiwa kuingia hata mmoja, na Gerlinde hakuamini mpaka alipokwenda kuwaona mwenyewe wamejipanga na aproni.

Majira ya baridi yaliyofuata Bibi Adele aliteleza kwenye barafu ya ngazi zake akavunja paja. Alipotoka hospitali daktari alisema hawezi tena kukaa peke yake bondeni. Nyumbani kwa Ewald na Gerlinde chumba cha ziada kilikuwa kimoja tu, kile cha nyuma. Gerlinde alikuwa anakunja nguo, anakunjua, anazikunja tena. Ewald ndiye aliyekwenda kulifungua kabati la vioo. Mengi aliwauzia wenzake wa chama, akimwambia kila mmoja bila kuangalia dari lipi la kweli na lipi la uongo, na wengine wakakasirika kwamba alikuwa anajua siku zote. Mawili matatu aliyaweka ndani ya sanduku chini ya ngazi. Alipaka chumba rangi ya manjano, akashikiza ubao wa kujishikilia ukutani kuanzia kitandani hadi mlangoni, na siku ya kumleta mama mkwe alimpandisha ngazi mgongoni, yeye akimwelekeza kwa kumgonga bega.

Masharubu yaliota tena, mengine meupe. Jioni nikipita na mbwa naona taa ya chumba cha nyuma inawaka, na hao wawili wanacheza karata, kiti cha Ewald kimesogezwa karibu na kitanda. Bibi Adele haoni vizuri siku hizi, lakini hajapoteza mchezo hata mmoja tangu ahamie.

Juzi niliwapelekea supu nikawakuta mchezoni.

"Mama," Ewald alikuwa anasema, "huyu mfalme wa tano unamtoa wapi? Kwenye karata kuna wanne tu, na watatu ninao mimi, na mmoja umeshamcheza."

"Cheza, Ewald. Supu inapoa."

Akacheza.